Unywele Kwenye Ndoano

Ting.

Mara moja tu. Kisha kimya.

Njuga ya Kinyozi ililia sauti moja, nyembamba, kama sindano iliyoangukia sakafu ya saruji. Tukageuza vichwa, wote watatu. Ufito wake wa kuvulia, uliofungwa njuga hiyo, ulikuwa palepale kwenye panda ya kijiti, mshipi umelegea, maji yamelala. Samaki mkubwa halizi njuga mara moja. Akishika huvuta, na njuga hupayuka kama mtoto aliyenyang'anywa peremende. Ikilia mara moja, ni upepo.

Lakini hapakuwa na upepo.

"Yako hiyo," Fundi Redio alinong'ona.

"Nimesikia."

"Sasa umekaa unangoja barua ya mwaliko?"

Kinyozi hakucheka. Hakuinuka. Alikuwa akitazama katikati ya bwawa, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza majirani kupitia ukutani.

Ngoja nianze mahali pake. Nikianzia hapa utadhani tulikuwa watu wa kutafuta makuu, na sisi tulikuwa watu wa kutafuta samaki.

Naitwa Wino, kwa sababu ya vidole vyangu. Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, na wino wa mashine ukishaingia chini ya kucha hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Jumamosi ile nilikata kingo za kadi mia mbili za harusi, nikazipanga, nikazifunga, nikapita kwa Kinyozi jua likianza kulegea. Ndivyo tulivyofanya kila Jumamosi. Mimi humpitia Kinyozi, Fundi Redio hutukuta hapo na chambo, kisha tunashuka wote bwawani.

Kibanda cha Kinyozi kina viti viwili na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Kinanuka spiriti, poda, na mafuta ya mashine. Alikuwa anamalizia kisogo cha dereva mmoja mnene. Fundi Redio alikuwa tayari kwenye kiti cha pili, kopo la mahindi ya kuchemsha limekaa mapajani. Fundi hutengeneza redio, pasi, feni, kila kitu kilichoharibika isipokuwa mdomo wake, ambao haufungi.

"Wino, hebu mwangalie huyu," alisema. "Ananyoa mtaa mzima, yeye kichwani ni kichaka. Ukitikisa atatoka kanga na vifaranga."

"Kinyozi hajinyoi," Kinyozi akajibu, kama alivyojibu siku zote. "Akijinyoa hujikata. Wahenga hao, si mimi."

"Wahenga hawakusema anyolewe na mama yake!"

Dereva alicheka mpaka mashine ikabidi iinuliwe.

Ilikuwa kweli. Rafiki yetu, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, alinyolewa na mama yake. Kila mwisho wa mwezi mama alimkalisha kwenye kigoda uani, akampunguza nywele kwa mkasi wa kushonea, maana yeye ni fundi cherehani, kisha akapiga magoti akaokota nywele zote, moja moja, akazichoma ndani ya kopo la bati. Alikaa hapo mpaka moshi uishe. Niliwahi kuwakuta. Mama hakuitikia hodi yangu mpaka majivu yalipopoa.

Sisi tulidhani ni mapenzi ya mama mwenye mtoto mmoja. Tulimtania, naye akatuacha tumtanie.

"Kila mtu na mama yake," alikuwa akisema.

Sasa, samaki wenyewe. Tunawaita kapu, kwa vile mdomo wao hufunguka mviringo na mpana. Ni wanene, wana magamba makubwa na masharubu mafupi, na wana akili kuliko baadhi ya watu niliosoma nao. Kapu hali. Kapu anaonja. Huvuta chambo mdomoni, akihisi chuma, hutema. Unaweza kukaa bwawani kutwa nzima unalisha samaki bure kama baba yao mzazi.

Kinyozi ndiye aliyepata dawa, na ilikuwa dawa ambayo kinyozi tu angeifikiria. Usichomeke punje kwenye ndoano. Ifunge kwa unywele, uiache ining'inie chini ya ndoano. Unywele ni laini, samaki hauhisi. Ataonja punje, atataka kuitema, na ndoano tupu itamnasa mdomo. Uzi ni mnene. Mshipi ni mgumu. Unywele ndio wenyewe. Alikuwa akipewa nywele ndefu na msusi wa kibanda cha jirani, akizihifadhi ndani ya bahasha. Wavuvi wengine walitutazama tukirudi na samaki, wakasema tuna mganga.

Tulicheka sana kwa hilo.

Kuna jambo moja zaidi. Mama yake hakutaka avue kwenye bwawa la matofali. Alimwambia tangu utotoni: bwawa lolote, si lile. Hakusema kwa nini. Basi tulikuwa na uongo wetu, mdogo, wa pamoja: mama akiuliza, tulikuwa kwenye bwawa la kinu. Lakini kwenye bwawa la kinu hakuna kapu.

Bwawa la matofali ni shimo. Zamani palikuwa na kiwanda, wakichimba udongo, wakachimba, wakachimba, mpaka wakafikia chemchemi. Maji yakapanda, kiwanda kikafa. Limebaki dohani moja refu na ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta nyumba za waliokuwa wafanyakazi, ambamo bado watu wanaishi. Mama yake Kinyozi anaishi humo. Dakika kumi kwa mguu.

Tulifika jua likigusa ukuta. Tukachomeka panda zetu tatu, tukaweka fito, tukafunga njuga. Kinyozi akafungua bahasha yake.

Ilikuwa tupu.

"Msusi amesafiri," akasema. "Nilisahau."

"Tumevuka mtaa mzima na kopo la mahindi, halafu umesahau?" Fundi alisema. "Si bora tungeyala?"

"Kuna unywele mmoja kwenye ndoano yako ya juzi. Na wa Wino bado uko. Yangu ndiyo haina."

"Basi tumia zako. Msitu wote huo, unautunzia nani?"

Nakumbuka hili vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyecheka kwanza. Kinyozi aligusa nywele zake juu ya sikio. Zilikuwa ndefu kiasi, mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Alitutazama, akatazama ukuta, upande wa nyumba zile. Kisha akatoa mkasi mdogo mfukoni.

"Kinyozi hajinyoi," nikamwambia.

"Sinyoi. Napunguza." Akakata unywele mmoja. Akauinua juu, kwenye mwanga wa mwisho. "Mnaona? Sikujikata."

Akafunga punje. Akatupa.

Unywele wa kwanza wa kichwa chake kupita bila kuchomwa, tangu alipokuwa mtoto. Uliingia majini bila sauti.

Sasa unajua tulikuwa wapi njuga ilipolia.

Ting.

Mara ya pili. Giza lilikuwa limeshaingia.

"Vuta, bwana," nikasema.

Kinyozi akainuka polepole, akakunja mshipi. Ulikuja mwepesi, kama umefungwa kwenye hewa. Fundi akawasha tochi yake. Ndoano ilitoka majini ikidondosha maji, na punje ilikuwa palepale, haikuguswa.

"Ni upepo," Fundi akasema.

Niliinama kuangalia. Punje ilikuwa haining'inii tena kwa unywele mmoja. Zilikuwa nywele mbili. Zimesokotwa pamoja, vizuri, kwa uvumilivu, kama kamba ya kitoto. Rangi moja. Unene mmoja. Ukizitazama huwezi kusema ipi ilitangulia.

"Ulikata mbili," nikasema.

"Nilikata mmoja."

"Giza lilikuwa linaingia, hukuona."

"Wino." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikata mmoja."

Nikasikia harufu. Udongo mbichi kwanza. Kisha kitu kitamu, kizito... maziwa. Maziwa yaliyokaa kwenye nguo ya mtoto.

Halafu maji yakaanza kunyonya.

Sijui niseme vipi. Kapu huja juu ya maji nyakati za joto, wakafungua midomo, wakavuta hewa, na hutoa sauti ya kufyonza. Nimeisikia mara nyingi. Mmoja hapa, mmoja kule. Usiku ule walikuja wote. Tochi ya Fundi ilipita juu ya bwawa, na bwawa zima lilikuwa midomo. Mviringo, mviringo, mviringo. Ilifunguka pamoja, ikafumba pamoja. Mfyonzo mmoja mkubwa, wa taratibu, wenye pumziko katikati, sauti ya mtoto aliyeshika ziwa la mama na hataki kuliachia.

"Tufunge vitu," Fundi alisema. "Tufunge vitu, jamani, twende."

Nilianza kung'oa panda. Kinyozi hakusogea. Alikuwa amezishika zile nywele mbili kwa vidole viwili, amezisogeza karibu na mdomo.

"Mnamsikia?"

"Nani?"

"Ananiita."

"Hakuna anayekuita, kaka. Twende nyumbani."

"Ananiita," alisema, na nikaona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeamshwa kwa upole. "Ananiita vizuri..."

Akaingia majini na viatu vyake.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulichelewa. Hatukuchelewa. Nilimshika shati kabla maji hayajafika magotini. Fundi alimshika mkono. Tulikuwa wawili, yeye mmoja, na Kinyozi si mtu wa mwili mkubwa. Alitembea tu. Hakutusukuma, hakupigana. Alitembea kama mtu anayevuka chumba chake, na shati likachanika mkononi mwangu, na Fundi akaburutwa hatua tatu kabla hajaachia.

Nikamfuata. Chini palikuwa udongo wa matofali, ule mlaini, unaoshika. Ulinimeza mpaka juu ya vifundo. Na samaki... walikuja miguuni. Hawakuuma. Walijipanga tu. Miili minene, baridi, ilibana mapaja yangu pande zote, ikinisukuma nyuma kwa upole, kama umati unaomzuia mtu asiyealikwa.

Simjui mtu anayeweza kupigana na upole. Nilirudi nyuma. Nasema ukweli. Nilirudi nyuma.

Kinyozi alisimama maji yalipomfika shingoni. Alitupa kisogo. Tochi ikamkuta: kichwa kimoja, cheusi, kimetulia juu ya maji.

Na pembeni yake, kadiri ya mkono mmoja, maji yakavimba.

Kikatokea kichwa cha pili.

Kimo kilekile. Kisogo kilekile. Nywele zilezile. Nacho kilitupa kisogo, kikitazama kunakotazama kile cha kwanza.

Tochi ilianza kutetemeka. Mwanga ukaruka huku, ukaruka kule, ukarudi. Na uliporudi sikujua tena yupi alikuwa wa kwanza.

"Yupi?" nikamwuliza Fundi. "Ulikuwa unaangalia. Yupi?"

Mdomo usiofunga ulikuwa umefunga.

"Kinyozi!" nikaita. "Kinyozi! Kinyozi, bwana!"

Hakuna aliyegeuka. Jina liliteleza juu ya maji kama jiwe bapa, likazama upande wa pili. Ndipo nikaona upumbavu wetu wote. Lile halikuwa jina. Lilikuwa kazi yake. Lilikuwa kibanda, kiti, na kioo. Miaka kumi na mmoja ya urafiki, nimekula kwake, nimelala kwake, nimemchapia kadi za biashara zilizoandikwa KINYOZI kwa herufi kubwa, na sikujua mama yake alimwita nani siku aliyomzaa. Huulizi jina la mtu ambaye tayari unamwita.

"Anaitwa nani?" nikamwuliza Fundi.

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa analia.

Nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Wino." Hata pale. Hata pale, ulimi ulitanguliza adabu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Mama... tuko bwawani."

"Bwawa lipi?"

Uongo wetu ulikuwa tayari mdomoni. Nilishindwa kuutoa.

"La matofali."

Nikasikia cherehani ikisimama. Nilitarajia aulize kama yu mzima. Nilitarajia mayowe.

"Amekatwa nywele?" aliuliza.

"Mama, yuko majini, njoo..."

"Nimekuuliza. Amekatwa nywele?"

"Unywele mmoja tu, mama."

Simu ikakatika.

Dakika kumi ni nyingi. Fundi alipata kamba kwenye mkoba, akatupa mara moja. Ilitua juu ya bega la kichwa cha kushoto, ikakaa hapo. Hakuna mkono ulioinuka. Fundi akaivuta tena, haraka, akaikunja, akaikumbatia kifuani.

"Tupa tena!"

"Sijui nitakuwa namvuta nani," alisema.

Na wakati wote huo vilikuwa vinashuka. Vyote viwili, sawasawa, upana wa uzi kwa kila pumzi, kwa mwendo wa ule mfyonzo. Maji yalikuwa shingoni. Kisha kidevuni.

Mama alikuja bila taa. Nilisikia ndala zake, nikageuka, naye alikuwa amenipita. Uzi ulikuwa bado umemning'inia shingoni, na sindano imechomekwa kifuani kwenye gauni. Alivua ndala akaziweka pamoja, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya watu. Aliona vile vichwa viwili. Hakushtuka.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Hakushtuka.

"Wamekua," alisema.

"Mama, mwite. Sauti zetu hazimfikii. Mwite kwa jina lake."

"Jina la kwenye kitambulisho alipewa na karani wa shule. Lile si lake."

"Basi lake, mama! Lile ulilompa wewe!"

Akasema, kwa kunong'ona, haraka, macho hayatoki majini:

"Walikuwa wawili. Walifanana mpaka mimi niliyewazaa niliwafunga uzi mkononi, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, nisiwachanganye wakati wa kunyonyesha. Nilikuwa nabeba udongo hapa, shimo limeshaanza kujaa maji. Niliwaweka pale, juu ya matofali. Niligeuka. Niligeuka tu, mwanangu."

"Mama..."

"Niliporudi pale hapakuwa na mtu. Maji tu. Nikaita jina moja. Sijui kwa nini nilianza na lile. Nikaita, na mmoja akatoka. Akaja mwenyewe, kama aliyesukumwa. Nikaita la pili mpaka sauti ikakauka. Hakutoka mtu." Alishika kifundo cha mkono wake. "Huyu aliyetoka, uzi wake ulikuwa umechomoka. Mkono mtupu."

Maji yalikuwa midomoni mwao.

"Nikamchukua nyumbani. Nikamwita kwa lile jina lililomtoa. Hakugeuka. Alitazama dirisha. Nikamwita tena, akatazama dirisha, na huko dirishani kitu kikacheka, kicheko cha mtoto anayejua anaitwa. Sikulitaja tena. Wala hilo, wala lile lingine. Miaka ishirini na sita nimemwita Mwanangu, na kila unywele wake nimeuchoma, usifike majini ukampa mwenzake kamba ya kumvutia. Ninyi mkamwita Kinyozi, nikashukuru."

Nilielewa polepole. Kulikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa la rafiki yetu. La pili lilikuwa la yule mwingine, aliyekaa chini ya bwawa hili umri wake wote. Atakayeitwa atatoka. Atakayeachwa atabaki. Na mtu pekee duniani aliyeyajua majina hayo hakujua lipi ni la nani.

"Yaite yote mawili," nikasema.

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Watoke wote? Na huyo mmoja utamkaribisha kwako?"

Fundi akapiga magoti kwenye tope. "Mama, tafadhali. Maji yanakaribia masikioni. Yakifika masikioni hawatasikia tena."

Alikuwa anasema kweli. Pua zilikuwa zimeshazama. Viputo vidogo vilipanda mbele ya nyuso ambazo hatukuziona, kwa vichwa vyote viwili, vikipasuka kwa wakati mmoja.

Nitasema sasa kitu, kabla sijamaliza, kwa sababu baadaye sitaweza.

Mtu mmoja alitoka majini usiku ule. Yuko hai. Anakula, analala, anasalimia. Asubuhi hufungua kibanda, na mkono wake ni mwepesi kuliko zamani, wateja wameongezeka. Fundi Redio anasema ni yeye. Anasema hivyo upesi sana, kabla hujamaliza kuuliza. Mimi hupita nje nikielekea kazini. Hunyoa kimya. Akimaliza humshikia mteja kioo kidogo nyuma ya kisogo, mteja hutazama, huridhika, huteremka kwenye kiti. Na yeye hubaki amekishika kile kioo, ameelekeza kwenye kile kikubwa chenye ufa, anatazama kisogo chake mwenyewe, muda mrefu, kama mtu anayengoja kisogo cha pili kigeuke.

Mara moja alinikuta nimesimama mlangoni. Akanyoosha kitambaa, akapiga kiti makofi mawili.

"Karibu, Wino. Zimekuwa ndefu."

Nikamwambia nina haraka.

Sijui. Hilo ndilo neno langu lote. Sijui, na hakuna wa kumwuliza, kwa sababu Mama mwenyewe alipomfunika kwa shuka usiku ule alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga wa tochi, akamtazama, akamtazama, kisha akaniangalia mimi. Kana kwamba mimi ningejua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla yake, kulikuwa na pumzi moja.

Samaki walikuwa wamenyamaza. Midomo yote ilikuwa wazi, haifungi, inangoja. Maji yaligusa ncha za chini za masikio, manne. Mama aliingia bwawani mpaka magotini, na wale samaki wakampisha, kulia na kushoto, wakamwachia njia. Alitazama kichwa cha kulia. Alitazama cha kushoto. Alifumba macho, akainua pua kidogo, kama mama anayetafuta mtoto wake gizani, kwa harufu, kitandani palipolala wawili. Mkono wake ukapanda ukashika ziwa moja, ukasita, ukahamia la pili.

"Nisamehe," alisema. Hakusema anamwambia nani.

Maji yakapanda.

Akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo haikuwa yake ya sasa, sauti changa, nyepesi, ya binti wa miaka ishirini na minne aliyetua udongo kichwani na kukuta matofali matupu, akaita jina fupi, la silabi mbili, jina la mtoto wa kubebwa mgongoni. Moja tu.